Picha Kumi na Moja

Toledo, mwezi wa tatu, theluji imechoka ikawa tope.
Verlene Hargrove anapanda stuli ya jikoni,
anawateremsha watu wake mmoja mmoja.
Babu Thaddeus ndani ya sare, kofia upande.
Mama, siku aliyopata leseni ya uuguzi.
Shangazi watatu mlangoni pa kanisa, vichwani bustani.
Mtoto wa Lamont, hajatimiza mwaka, anacheka kibogoyo.
Picha kumi na moja.
Anazifunga kwa shuka, anazisukuma mvunguni
kama muuza gongo aliyesikia msako.

Kuta zinabaki na misumari.

Mwezi uliopita alikuja mthamini.
Akapima vyumba kwa kijimashine,
akagonga bomba, akatazama paa jipya
lililolipwa kwa zamu za usiku, miaka mitatu,
akamtazama babu, akamtazama Verlene,
akaandika: laki moja na elfu ishirini na moja.
Mthamini. Neno limezaliwa na kuthamini;
sijui ni nani alilipotezea njia.

Leo anakuja mwingine,
na leo mwenye nyumba ni Gretchen Kowalczyk,
mwenzake wa zamu hospitalini, nywele rangi ya mabua.
Amekariri kabati la vikombe liko wapi.
Amekuja na picha ya mbwa wake,
kaitundika kwenye msumari wa babu.

Verlene yumo garini, mtaa wa pili,
injini imezimwa, petroli si maji,
pumzi yake inaziba kioo.

Babu yake Gretchen na babu Thaddeus
walirudi kutoka vita ile ile,
wakakuta sheria ile ile inawangoja:
askari akopeshwe, ajenge, atulie.
Sheria haikutaja rangi. Haikuwa na haja.
Iliwaelekeza benki,
na benki ilikuwa na ramani,
na ramani ilikuwa na wino mwekundu.
Mmoja alitoka na ufunguo.
Mwingine alitoka na kofia yake mkononi.

Baadaye zilikuja sheria nyingine, sizibezi.
Mama alisomeshwa uuguzi kwa fedha za serikali,
Verlene alikula shuleni mchana bila kulipa,
na anayesema mkono ule haukutoa kitu, mwongo.
Ila mkono uliochora mstari ulitumia wino,
na mkono uliotumwa kuufuta
ukapewa kifutio cha penseli.

Saa kumi jioni simu inaita.
Laki mbili na elfu tisa.

Paa lile lile.

Gretchen ndiye anayeanza kulia, na hilo linamuudhi Verlene.
"Mimi pia sina kitu," anasema.
"Kiwanda cha vioo kilipofungwa
baba aliinywa nyumba ya babu, chumba kwa chumba."
"Najua," anajibu Verlene, anammiminia kahawa.
"Ufukara tunaufahamu sote.
Lakini wewe hujawahi kushushwa ukutani."

Nyuma ya bahasha ya bili ya gesi anapiga hesabu:
elfu themanini na nane, gawanya kwa kumi na moja.
Elfu nane kila sura.
Babu na nishani yake, toa elfu nane.
Mama na leseni yake, toa elfu nane.
Kibogoyo asiyejua hata jina la mji anamoishi,
toa elfu nane.

Fomu ya malalamiko ina kurasa kumi na nne.
Ukurasa wa tisa unauliza: *Eleza hasara uliyopata.*
Wameacha mistari miwili.

Verlene anaweka kalamu chini.
Anamrudishia Gretchen mbwa wake.
Anapanda stuli, na mwenzake anaishika isitikisike,
bila neno, kamasi bado puani.
Anaanza na mtoto, kwenye msumari wa babu.
Kisha anaomba nyundo:
babu anatafutiwa msumari mrefu zaidi.